Kifaa cha kusomea vitabu chenye taa, cha kitandani, ndani ya neti: nichukue kipi?

Mwalimu_wa_Arua

Salaam, ndugu zangu. Nisaidieni kabla sijatoa hela, maana shilingi laki sita na nusu za Uganda kwa mwalimu si hela ya kubahatisha.

Mimi husoma kitandani. Nisipopata kurasa ishirini kabla ya usingizi naona kama siku haijafungwa. Mama watoto naye huamka saa kumi na moja alfajiri kukanda unga wa mandazi ya kuuza, kwa hiyo ikifika saa nne usiku keshalala na taa ya chumba lazima izimwe. Miaka mingi nimesomea tochi ya kichwani, ile ya mkanda. Wanaolala ndani ya neti wanajua kinachotokea: mwanga ukiipiga neti nyeupe, neti nzima inawaka kama hema la arusi. Yeye anageukia ukutani, anajifunika kanga usoni, hasemi neno. Na akiwa hasemi neno ndipo najua ameudhika.

Kilichonileta hapa ni kumbikumbi. Mwezi uliopita, usiku baada ya mvua kubwa, dirisha tuliliacha wazi kwa sababu ya joto. Nyumba nzima iko gizani, taa pekee inayowaka ni yangu ya kichwani. Nyie wa Arua hamhitaji kuambiwa zaidi. Walijaa juu ya neti mpaka nikawa nasikia mabawa yanachakarika kama karatasi za peremende, halafu wakagundua lile tundu la upande wa miguu ambalo nimekuwa nikisema nitalishona tangu Pasaka. Mama watoto aliamka na kumbikumbi kwenye nywele. Akaniangalia, akasema, "Mwalimu, kama unatega kumbikumbi, kachimbe shimo nje kama wenzako." Asubuhi aliwakaanga wakaliwa na chai, hilo nashukuru, lakini tochi imepigwa marufuku chumbani.

Simu nimeijaribu. Nina miaka 49 na miwani ya kusomea. Maandishi nikiyaacha madogo siyaoni, nikiyakuza nabaki na sentensi tatu kwenye kioo. Macho yanawasha. Katikati ya ukurasa linaingia kundi la wazazi wa darasa la tatu na picha za viatu vilivyopotea. Na imeshaniangukia puani mara mbili.

Shemeji yangu yuko London, anakuja mwezi wa kumi na mbili, amekubali kunibebea kitu kimoja. Nimebaki na hivi vitatu:

Kindle ya kawaida ya Amazon, toleo la 2022, mpya. Hii ndiyo rahisi kuliko zote.

Kindle Paperwhite ya 2021 iliyotumika. Kuna kijana Kampala anaiuza laki nne na nusu, anasema ni safi kama mpya. Hii siyo ya kumngoja shemeji.

Kobo Clara BW mpya. Hii sijawahi kuiona kwa macho wala sijakutana na mtu mwenye nayo.

Ninachotaka kujua: taa ya ipi inashuka chini kabisa bila kumwamsha mtu? Na hii wanayoiita taa ya joto, inayogeuka rangi ya machungwa, ina maana yoyote au ni maneno ya kuuzia? Vitabu vyangu vingi ni faili za EPUB, ule muundo wa vitabu vya kielektroniki, viko kwenye kompyuta ya shule, na vingine ni PDF za kuskani. Intaneti yangu ni bando la simu. Umeme mnaujua. Nina sola ndogo yenye tundu la USB.

Baba_Mapacha_Jinja

Mwalimu, laki sita na nusu kwa kitu ambacho hakipigi hata simu? Weka simu yako kwenye rangi nyeusi, punguza mwanga, lala. Hela nunua mbuzi.

Sista_Zamu_ya_Usiku

Baba Mapacha, mbuzi hasomeki kitandani.

Mwalimu, habari za Arua. Mimi ni nesi hapa Entebbe na nina Paperwhite hiyo ya 2021, mwaka wa tatu sasa. Wiki za zamu ya usiku nalala mchana, wiki nyingine nalala usiku kama watu, kwa hiyo mambo ya mwanga na usingizi nimeyafuatilia kuliko wengi.

Nianze na taa ya joto. Kuna utafiti wa Boston uliotoka mwishoni mwa 2014, ndio uliowafanya watu waanze kuogopa kusomea mashine kitandani. Walichukua watu 12, wakawasomesha kwa muda wa saa nne kila jioni, siku tano mfululizo, mara kwa tableti na mara kwa kitabu cha karatasi. Waliposomea tableti, melatonini, ile homoni ya usingizi, ilishuka na walichelewa kusinzia kwa kama dakika kumi. Watu wakaruka na kusema vifaa vya kusomea vinaua usingizi. Lakini soma vizuri walichotumia: tableti yenye mwanga umewekwa juu kabisa, saa nne nzima. Wewe unasoma kurasa ishirini kwa taa iliyoshushwa. Si kitu kimoja.

Kwa hiyo rangi ya machungwa mimi siiuzi kama dawa. Ninachokuambia ni cha macho yangu tu: saa sita za usiku, chumba giza totoro, ukurasa mweupe wenye kuelekea bluu unachoma hata ukiwa hafifu. Ukurasa wa rangi ya chai ya maziwa hauchomi. Kwenye yangu mwanga unaanzia 0 hadi 24. Kitandani nasomea 4, siku nyingine 5, na joto nimeliweka 16. Kwa kiwango hicho mwanga haufiki hata kwenye neti. Unaishia kwenye vidole vyangu. Mwenzangu wa chumba bwenini alikuwa analala kitanda cha pili na hakuwahi kulalamika, na huyo analalamikia hata harufu ya chungwa.

Kindle ya kawaida ya 2022 haina hiyo rangi. Taa yake ni nyeupe basi, na ina taa ndogo nne tu pembeni, Paperwhite ina 17. Inasomeka, dada yangu anayo. Ila wewe umesema kitandani, gizani, macho ya miaka 49. Mimi ningeivuka.

Jambo ambalo hakuna anayeliuliza dukani ni uzito. Paperwhite ina gramu 205, ukiivalisha kava inazidi hapo sana. Kindle ya kawaida ina 158. Hiyo Kobo Clara BW ina 174. Unaona ni vitu vidogo, lakini lala chali uinue mkono dakika arobaini, uniambie. Mimi navua kava kabla ya kupanda kitandani, na hata hivyo nimeshaipokea usoni. Angalau haiumizi kama simu.

Na miwani, Mwalimu! Ukilalia ubavu miwani inapinda, mguu mmoja unakuchoma sikio. Faida kubwa kwangu ni kwamba nakuza maandishi mpaka nasoma bila miwani kabisa. Hapo ndipo kioo cha inchi 6.8 kinapokishinda cha inchi 6.

Fundi_Wandegeya

Mwalimu usitume hela kwa huyo kijana. Subiri kwanza nikuambie.

Mimi ni fundi wa simu, hivi vifaa huniletea watu kwa sababu vinafanana na simu. Miaka miwili iliyopita nilinunua vitatu kwa mkupuo kutoka kwa mtu anayeleta mali iliyotumika kutoka nje. Vyote vinawaka, vizuri kabisa. Viwili vilikuwa vimefungwa kwenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Kindle ikiripotiwa imeibwa au imepotea, Amazon wanaizuia, huwezi kuisajili kwa jina lako tena. Nilibaki na vibao viwili vya kukatia vitunguu. Yule mtu simu yake haipatikani mpaka leo.

Kwa hiyo ya mkononi inunuliwe hivi: muuzaji aiwashe mbele yako, aiondoe kwenye akaunti yake, uiunganishe na intaneti ya simu yako, uisajili kwa akaunti yako wewe ukiwa umesimama palepale. Ikikubali, ndipo utoe hela. Akisema "nitakutumia neno la siri baadaye", ondoka.

Halafu angalia tundu la chaji. Paperwhite ya 2021 ina USB-C, kama simu za siku hizi. Ile ya 2018 ina tundu dogo la zamani, kioo chake ni inchi 6, na taa yake haina rangi ya joto. Kwa juu juu zinafanana, na kuna watu wanauza ya 2018 kwa bei ya 2021 aidha kwa kutojua aidha kwa kujua sana. Tundu halidanganyi.

Jaribu taa gizani. Dukani kwangu nina jaketi zito, namfunika mteja kichwa na kifaa chake kama mpiga picha wa zamani, anapandisha taa mpaka mwisho. Watu wanacheka nje lakini ndani ya jaketi ndiyo unaona: doa jeupe kama la ukungu, au ukingo wa chini una vivuli kama meno. Mchana huwezi kuyaona hayo. Usiku kitandani hutaona kingine.

Nieleze kidogo kwa nini hizi haziumizi kama simu, maana nimezifungua. Simu taa iko nyuma ya kioo, inakupiga moja kwa moja machoni. Hizi ukurasa wenyewe hautoi mwanga. Ni chembe nyeusi na nyeupe zinazopanda na kushuka kwa umeme kidogo, zikishakaa zimekaa, hazili betri tena mpaka ugeuze ukurasa. Taa zimejificha ukingoni chini ya fremu, zinapenyeza mwanga ndani ya karatasi ya plastiki iliyolala juu ya ukurasa, mwanga unaangukia ukurasa, unarudi kwako. Ni kama kusomea kibatari kilichowekwa mbele ya kitabu, ila bila moshi.

Ubaya wake: chini ya ukurasa kuna kioo chembamba sana. Mtu akikikalia, kwisha. Wanaletwa kwangu na mistari nusu ya ukurasa, nauliza ilikuwa wapi, jibu ni lilelile: kitandani, chini ya shuka, mtoto aliruka. Kubadilisha kioo kunakaribia bei ya kununua kingine. Kobo hawa wa 2024, hiyo Clara BW ikiwemo, kampuni ilikubaliana na iFixit, wale wa maelekezo ya ukarabati, kutoa vipuri na maelekezo ya kufungua, jambo ambalo mimi kama fundi nalipenda. Ila mpaka kipuri kifike Kampala utakuwa umeshastaafu. Nunua kava gumu.

Mzee_wa_Bombo

Mwalimu, salaam aleikum. Uliandika hujakutana na mtu mwenye Kobo. Umekutana naye. Binti yangu aliniletea Clara HD kutoka Kanada mwaka 2019. Mimi ni mstaafu wa jeshi, nasoma mpaka saa saba, kisha naamka saa kumi naendelea.

Clara HD ni babu wa hiyo unayoitaka. Inchi 6, gramu 166, tundu la chaji la zamani. Maji haitaki. Hiyo BW ina USB-C na maji inavumilia. Taa ni zilezile za rangi ya joto. Unaiambia saa yako ya kulala ni saa ngapi, nayo jioni inaanza kugeuka yenyewe, taratibu, kutoka nyeupe kwenda rangi ya machungwa. Huhitaji kukumbuka. Na mwanga unaupunguza kwa kutelezesha kidole ukingo wa kushoto wa kioo, juu chini. Gizani hilo ni jambo kubwa. Hutafuti kitufe, huamshi mtu.

Faili za EPUB unaunganisha waya kwenye kompyuta, inafunguka kama flashi, unatupia vitabu, unachomoa. Hakuna intaneti. Kindle kwa waya haifungui EPUB. Lazima uibadilishe kwa programu ya Calibre, au uitume kwa huduma yao ya intaneti, ambayo EPUB ilianza kuipokea 2022. Sista atakubali.

Sasa nikuambie kitu ambacho Wazungu hawatakuandikia. Kiswahili kina maneno marefu. Ukikuza maandishi kwa ajili ya macho, kwenye kioo cha inchi 6 mstari unabeba maneno manne, matano. Likija neno kama "yatakayowasababishia" linakataa kuingia, linashuka mstari wa chini, na mashine kwa kutaka kunyoosha kingo zote mbili inayatawanya yale matatu yaliyobaki juu. Ukurasa unakuwa na mapengo kama gwaride la kuruta. Nilisoma hivyo miezi sita nikidhani kitabu kimeharibika. Ingia kwenye mipangilio ya maandishi, chagua mistari ianzie kushoto tu, ukingo wa kulia uache uende ovyo. Mapengo yanakwisha. Kindle pia inafanya hivyo.

Sista_Zamu_ya_Usiku

Nakubali, Mzee. Mimi nina waifai ya hosteli ndiyo maana kutuma hakunisumbui. Na hilo la mapengo nimeenda kulibadilisha sasa hivi, kumbe!

Mwalimu, nimesahau betri. Watakuambia wiki sita kwa Kindle ya kawaida, wiki kumi kwa Paperwhite. Soma maandishi madogo: hesabu hiyo ni nusu saa kwa siku, intaneti imezimwa, taa iko 13. Ukisoma saa mbili kila usiku gawanya kwa nne. Bado ni zaidi ya wiki mbili kwa yangu. Hapa kwetu Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha usiku hakuna mtu anayeamka kununua umeme, nami naendelea na sura yangu.

Baba_Mapacha_Jinja

Haya, mbuzi nimemfunga. Lakini hamjajibu la rangi nyeusi. Hizo zenu hazina?

Fundi_Wandegeya

Zipo zenye nayo, Kindle hizo mbili zinayo. Ukurasa unakuwa mweusi, herufi nyeupe. Lakini kumbuka nilivyosema, taa inaangukia juu. Kwenye simu nzuri weusi ni taa iliyozimwa. Hapa taa inawaka vilevile, ni ukurasa tu unaoumeza mwanga. Chumba kinabaki na giza zaidi, hiyo kweli. Ila ukigeuza ukurasa unabaki na kivuli cha herufi za ukurasa uliopita. Wateja wangu wengi wanaiweka siku mbili wanaitoa.

Mwalimu_wa_Arua

Wakubwa, nimesoma yote, mengine nimemsomea mama watoto. Ya mbuzi ndiyo aliyoipenda.

Taarifa ya kwanza. Nilimtuma mpwa wangu aliyeko Kampala akamwone yule kijana. Nikamwambia kitu kimoja tu: angalia tundu. Amenipigia picha. Ni tundu la zamani! Kijana akasema "hii ni 2021 ya mwanzoni." Fundi, sina la kukulipa, ila ukifika Arua utakula enyasa, ugali wetu, na samaki mpaka ufunguliwe mkanda.

Kwa hiyo zimebaki mbili za shemeji. Kobo inanivuta kwa sababu ya waya na EPUB, na kwa hiyo taa inayogeuka yenyewe. Kinachonizuia ni PDF. Nina miongozo ya zamani ya sarufi na ushairi iliyoskaniwa, kurasa kubwa, ambayo nimeitafuta miaka. Kwenye inchi 6 itakuwaje? Calibre niliijaribu kwenye kompyuta ya shule, ikanitolea kitabu chenye kurasa tupu.

Mzee_wa_Bombo

PDF ya kuskani ni picha. Calibre inatafuta herufi, haioni herufi, inakuletea karatasi tupu. Usiilaumu.

Kwenye Kobo kuna programu ya bure, KOReader. Inawekwa kwa waya bila kuvunja kufuli lolote. Inakata kingo nyeupe za ukurasa, na inaweza kuyachukua maneno ya kwenye picha ikayapanga upya yakiwa makubwa. Kwa uandishi wa kawaida inafaa. Kwa mashairi haifai, mishororo inavunjika kama kuni. Mashairi mimi nayasoma mchana kwenye kompyuta. Kitandani ni riwaya.

Sista_Zamu_ya_Usiku

Hata kwenye inchi 6.8 yangu PDF ya skani ni mateso. Usiichague mashine kwa ajili ya hizo.

Mwalimu_wa_Arua

Nimerudi. Ni mwezi wa pili sasa, naomba radhi kwa kuchelewa, mitihani.

Shemeji alileta Kobo Clara BW. Nilimpokea pale kituo cha basi saa kumi na mbili asubuhi, amelala safari yote kutoka Kampala, kifaa amekiweka ndani ya soksi ndani ya kiatu ndani ya begi. Kava gumu lilikuwa kwenye begi jingine.

Usiku wa kwanza sikusoma kitabu. Nilizima taa, nikaingia ndani ya neti, nikaanza kushusha mwanga kwa kidole kama Mzee alivyosema, kidogo kidogo. Ukifika asilimia sita, saba, ukurasa una rangi ya posho (ugali) iliyoungua kidogo chini ya sufuria. Herufi zinasomeka. Neti siioni. Mkono wangu mwenyewe nauona mpaka kwenye saa tu, juu ya hapo ni giza. Mama watoto alikuwa anaangalia. Akasema, "Hiyo inasomeka?" Nikamsomea mstari mmoja. Akageuka akalala. Bila kanga usoni.

Mistari nimeianzisha kushoto. Miwani iko kwenye droo. Mwanzoni nilikuza maandishi mno, nikawa nageuza ukurasa kila baada ya pumzi tatu, mama watoto akasema nasikika kama panya anakuna kitu. Nimepunguza hatua mbili. Chaji: nimechaji mara tatu tangu Krismasi, yote kwa sola. Kundi la wazazi halijui niko wapi.

Kumbikumbi bado, mvua hazijaanza. Tundu la neti nimelishona.

Nina shida moja tu, Mzee, na nadhani unaijua. Mimi hulalia ubavu wa kushoto, nampa mama watoto mgongo ili mwanga usimwendee. Nikilala hivyo naishika kwa mkono wa kushoto, na kidole gumba kinakaa palepale kwenye ukingo wa kushoto. Usingizi ukianza kunichukua, gumba linateleza juu. Juzi saa tano usiku ukurasa uliwaka asilimia mia moja ghafla, chumba kizima, jogoo wa jirani akawika. Nimeulizwa kama ni tochi imerudi. Nifanyeje?

Mzee_wa_Bombo

Lalia ubavu wa kulia, uishike kwa mkono wa kulia. Ni sunna pia.

Mwalimu_wa_Arua

Mzee, nikilalia wa kulia mwanga unamwendea yeye.

Mzee_wa_Bombo

Basi badilishaneni pande za kitanda.

Mwalimu_wa_Arua

Upande wa ukutani ni wake tangu tuoane, 2003. Nitajifunza kuishika kwa chini.